Neno Ambalo Mwamuzi Hakulisema

Ukifika Kipawa ukamuulizia Mzee Benedikto, nawe utaulizwa: yupi, wa vitanda au wa taimu? Usihangaike, ni huyo huyo mmoja. Siku za kazi yuko bandani kwake anakereza miguu ya vitanda, vumbi la mninga limemganda hadi kwenye nyusi. Jumapili akitoka misa ya kwanza anavua shati la kanisani, anajifunga kinga ya kifua na kwenda uwanjani kuwa mwamuzi wa besiboli. Wenzake wa kutoka Newala walimcheka sana mwanzoni. Mchezo gani huo, mtu anapiga mpira kwa rungu, anazunguka mbio, halafu anarudi pale pale alipotoka? Mzee mwenyewe aliuingia kwa bahati tu. Mwalimu mmoja alimletea rungu lililovunjika akaomba amkerezee jingine, na mzee alipokwenda kuona kazi yake inatumikaje, akanogewa.

Hakunogewa na kupiga wala kukimbia. Alinogewa na namna mchezo unavyosimamishwa. Kwenye mpira wa miguu, anasema, refa anapuliza filimbi na watu bado wanasukumana, mpira unaanza tena hata hujui umeanza saa ngapi. Besiboli ina adabu yake. Mwamuzi anayesimama nyuma ya mdakaji anainua mikono yote miwili na kupaza sauti, "Taimu!" Hapo mpira umekufa. Mkimbiaji anaweza kutoka kwenye kituo chake akaenda kunywa maji, na hakuna wa kumgusa kwa mpira akamtoa mchezoni. Na mpira ukishakufa hauamki wenyewe. Mrushaji lazima arudi kwenye kibao chake akiwa na mpira mkononi, kisha mwamuzi amnyooshee kidole na kusema, "Plei!" Mpaka neno hilo litoke, chochote kitakachofanyika uwanjani ni kazi bure.

Mzee alikuwa mkali na sheria hiyo kupita kiasi. Kuna siku mkimbiaji mmoja alianguka katikati ya vituo akashika goti analia, na mama yake pembeni akawa anapiga kelele, "We mzee, simamisha, mtoto anakufa!" Hakusimamisha. Mpira ulikuwa bado unarushwa, na mchezo ukiwa unaendelea husimamishi kwa sababu mtu kaumia, unasubiri umalizike. Mtoto akaguswa, akatolewa, ndipo mikono ya mzee ikapanda, naye akawa wa kwanza kumkimbilia na maji. Watu walimnunia wiki nzima. Yeye alikula ugali wake akalala usingizi mzuri, maana alijua hakukosea.

Nasema hivyo ili ujue ni mtu wa namna gani aliyekutwa na haya.

Uwanja wa Kipawa una shida moja. Uko chini ya njia ya ndege. Ndege kubwa ikishuka kwenda kutua, huwezi kumsikia hata mtu uliyemshika bega. Kwa hiyo wana desturi yao pale ambayo huikuti kwenye kitabu chochote cha sheria: ndege kubwa ikionekana inakuja, mzee anasubiri mchezo ulioko utulie, anainua mikono, taimu, na watu wote wanakaa kimya mpaka ngurumo ipite. Kisha anasema plei, wanaendelea. Timu ngeni huwa zinacheka mara ya kwanza. Mara ya pili zinazoea, na wachezaji wanaitumia nafasi hiyo kujifuta jasho na kufunga kamba za viatu.

Jumapili ile ilikuwa fainali ya mkoa ya vijana. Wenyeji walikuwa Kipawa, wageni walitoka Tegeta, na mshindi alikuwa anakwenda Dodoma kwenye mashindano ya taifa. Zamu ya mwisho Tegeta walikuwa nyuma kwa pointi moja, wameshatolewa wawili, akibaki mmoja wa kutolewa mchezo uishe. Na pointi yao ya kusawazisha ilikuwa imesimama kituo cha tatu. Alikuwa kijana anayeitwa Apolinari, mrefu, mwenye mbio, anayetimiza umri wa mwisho wa kucheza ligi ya vijana. Kwa Apolinari, Dodoma ilikuwa mwaka huo au basi.

Ndege ikatokea. Mzee akainua mikono, "Taimu!" Apolinari akatoka kituoni hatua chache, akachuchumaa, akavua kiatu kumwaga mchanga. Alikuwa na haki yote ya kufanya hivyo.

Mzee akatazama juu. Hapo ndipo pa kumsikitikia na pa kumkasirikia pia. Angekuwa anaumwa, au amepata habari ya msiba, ungesema ndiyo dunia. Lakini alikuwa anashangaa ndege, mtu mzima mwenye wajukuu. Mkia wa ndege hiyo ulikuwa na rangi asiyowahi kuiona, akawa anajiuliza ni ya nchi gani, shingo ameipinda, mdomo wazi. Ndege ikapita. Mrushaji wa Kipawa alikuwa ameshapewa mpira na amesimama kwenye kibao. Labda alidhani neno limesemwa likamezwa na ngurumo, au hakudhani chochote. Aliporudisha macho chini, mzee aliuona mpira unatua mikononi mwa mlinzi wa kituo cha tatu, na mlinzi anamgusa bega Apolinari, ambaye bado ameshika kiatu mkononi.

Ngumi ya kulia ya mzee ikapanda yenyewe kama ilivyozoea miaka yote. "Nje!"

Uwanja ukalipuka. Kipawa wakarukiana migongoni. Na mzee, mkono ukiwa bado juu, akajua kabisa kwamba hakusema plei. Hakukuwa na mashaka hata kidogo. Alikuwa hajafungua mdomo wake.

"Hajasema!" Apolinari alikuja mbio na kiatu kimoja. "Mzee, hujasema plei! Mpira ulikuwa umekufa!"

"Rudi kwenye benchi," mzee akasema.

"Siendi! Wewe mwenyewe unajua hujasema. Muongo! Mzee muongo!"

Watu wakaguna. Kumwita mtu mzima muongo, mbele ya watoto na wake za watu, Jumapili! Kocha wa Tegeta, Augustine, akamvuta kijana wake nyuma kwa shati, kisha akamsogelea mzee taratibu, kwa heshima.

"Mzee wangu, mie kule nilikosimama sikusikia, ndege ilikuwa inanguruma. Nakuuliza wewe, na utakachosema nitakikubali. Ulisema?"

Mlango ulikuwa wazi kabisa pale. Angesema, "Hapana, nilisahau, warudisheni," kila mtu angerudi mahali pake na mchezo ungeanza tena. Lakini Kipawa walikuwa wameshambeba mrushaji wao mabegani, wazazi wanapiga vigelegele, na mzee akaona aibu ya kusimama mbele ya umati ule na kusema alikuwa anatazama ndege.

"Nilisema," akajibu.

Augustine akaitikia kwa kichwa. Hakupeleka malalamiko, kwa sababu ameshaambiwa. Akamgeukia Apolinari akamfokea, na mama yake Apolinari, aliyekuwa amekuja kumtazama mwanawe, akavuka mstari wa uwanja na kumzaba kofi mbele ya timu nzima. Jioni hiyo kamati ya mashindano ikamfungia kijana kucheza hata mechi za kirafiki, mpaka aende na mzazi wake nyumbani kwa mwamuzi kuomba radhi, na mwamuzi mwenyewe apige simu kusema ameridhika.

Wiki ile mzee aliharibu mbao nyingi. Patasi ilikuwa inakula zaidi ya inavyotakiwa, mguu wa kitanda unatoka mwembamba, mwingine mnene. Mkewe, Yuliana, akamuuliza kama anatengeneza vitanda vya kulalia wagonjwa wa kizunguzungu. Hakucheka. Usiku anageuka kitandani, mchana anasahau chai mpaka inapoa.

"Baba Jesca, una nini?" Yuliana akamuuliza.

"Mgongo."

"Mgongo ndio unakufanya usiniangalie usoni?"

Alijua cha kufanya. Kamati ilikuwa inapokea malalamiko mpaka Jumatano, na uamuzi ukitenguliwa kabla ya hapo, mchezo unarudiwa kuanzia pale pale uliposimama: Apolinari kituo cha tatu, wawili wametolewa, mpira kwa mrushaji. Jumatatu mzee alitafuta namba ya Augustine kwenye simu, akaitazama, akairudisha simu mfukoni. Jumanne akajiambia kwamba mpigaji aliyekuwa anafuata asingepiga vizuri hata hivyo, Tegeta wangefungwa tu. Jumatano aliwasha mashine ya kukereza tangu asubuhi ili asisikie kitu, na alipoizima ofisi ya kamati ilikuwa imefungwa. Akajichukia. Akala kidogo, akajichukia tena.

Ijumaa alfajiri wazazi wa Kipawa wakamchukua waende wote stendi ya Mbezi Luis kuwasindikiza vijana. Asingeweza kukataa bila kueleza. Wale vijana walipomwona wakamwimbia, "Mzee Taimu! Mzee Taimu!" huku wanagonga mabegi, na nahodha akambusu mkono akasema, "Tunakuletea kombe, babu." Mzee akatabasamu kwa meno tu. Basi lilipotoka getini, akaenda kusimama nyuma ya kibanda cha tiketi, akalia kidogo kama mtu aliyeingiwa na vumbi.

Jumamosi, jua limeshapanda, wakapiga hodi.

Alikuwa mama mmoja wa makamo, amevaa gauni la kutokea na kilemba, na nyuma yake Apolinari katika shati la mikono mirefu lililopigwa pasi mpaka likakakamaa. Walikuwa wametoka Tegeta tangu asubuhi, na foleni ya Barabara ya Bagamoyo ilikuwa imewaonea vya kutosha. Yuliana akawakaribisha ndani, akawapa viti, akakimbilia jikoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Karibuni."

"Mimi naitwa Kokushubila, ni mama yake huyu. Kwetu Bukoba mtu haendi kuomba radhi mikono mitupu, basi nimekuletea senene, dada yangu ndiye aliyezituma." Akaweka kopo mezani. "Mzee, mtoto amekukosea. Na akikukosea yeye nimekukosea mimi, kwa sababu ndiye niliyemlea. Apolinari, haya."

Kijana akapiga magoti sakafuni. Hakusitasita.

"Shikamoo, mzee. Naomba unisamehe. Nilikuita muongo mbele za watu. Sikupaswa kumwita mtu mzima hivyo."

Mzee aliyasikia yote mawili: alichoombwa radhi, na kile ambacho kijana hakukisema. Hakusema kwamba yeye mwenyewe alidanganya. Hakusema alikosea kusikia. Aliomba radhi kwa tusi, basi, macho yake kwenye zulia.

"Inuka, mwanangu," mzee akasema. "Unajua mama, siku ile ndege ilikuwa na kelele sana. Huenda hata mimi... inawezekana sikulisema lile neno vizuri."

Alikuwa amejikaza kufika hapo. Alidhani akifungua kidogo, yaliyobaki yatatoka yenyewe. Lakini mama yule akapiga makofi.

"Umesikia, Apolinari? Umesikia mtu mzima anavyoongea? Wewe umemtukana, na yeye anajishusha ili usiaibike! Hiyo ndiyo busara. Asante, baba, Mungu akuzidishie."

Yuliana, aliyekuwa anaingia na chai, akamtazama mumewe kwa fahari. Na mzee, jamani, akaona njia nzuri imefunguka mbele yake. Akisema tu amesamehe, kijana anafunguliwa, anacheza tena, mama anarudi na furaha, na hakuna anayeaibika. Akajiambia kwamba kwa kweli anamsaidia mtoto.

"Nimekusamehe," akasema.

Akampigia Augustine pale pale mbele yao. "Wamekuja, ndiyo, yeye na mama yake. Nimeridhika. Waambie kamati wamfungulie." Mama Apolinari akashika kifua akashukuru. Wakanywa chai, wakazungumza habari za mvua na bei ya mbao. Yuliana akaonja senene, akaomba aelekezwe zinavyokaangwa, wakacheka wanawake wawili. Mzee alikoroga tu chai yake. Kijana aliinywa yake yote, akashukuru, akarudisha kikombe mezani kwa mikono miwili.

Walikuwa wameshafika mlangoni, mama ameshavaa viatu, Apolinari alipogeuka.

"Mzee, samahani. Naomba kuuliza kitu, si kwa ubaya. Nataka tu kujua nikirudi uwanjani."

"Uliza."

"Ukisema taimu, ndege ikapita. Nisubiri mpaka useme plei, au nikishamwona mrushaji ana mpira nikimbilie kituoni mwenyewe?"

Hakukuwa na kejeli usoni mwake. Alitaka kujua kweli, kama mwanafunzi anayeuliza mbele ya ubao. Sheria aliyoiamini ilikuwa imemtupa, na sasa anauliza ipi ndiyo sheria.

"Subiri niseme," mzee akajibu.

"Ndivyo nilivyofanya."

"Apolinari!" Mama akamgeukia na mkono umeshapanda. "Tumetoka Tegeta mpaka huku, umesamehewa, umekunywa chai ya watu, halafu unaanza upya?"

Mzee akauona mkono ule. Akauona na ule wa Jumapili. Kijana wala hakukinga uso, alifumba macho tu na kungoja.

"Mwache, mama," mzee akasema. "Anasema kweli. Sikusema."

"Ulisema taratibu, baba, umeshatueleza..."

"Hapana. Sikufungua mdomo kabisa. Nilikuwa natazama ndege. Mpira ulikuwa umekufa na yeye hakuwa nje. Kocha akaniuliza, nikamdanganya. Na hapa ndani sasa hivi nimewadanganya tena."

Jikoni Yuliana akaacha kuosha vikombe. Mama Apolinari aliushusha mkono wake polepole, akautazama kana kwamba si wake.

"Mie nilimpiga," akasema. "Mbele ya wenzake wote. Njia nzima aliniambia, mama, hajasema. Nikamwambia nyamaza, mtu mzima hawezi kudanganya kwenye jambo dogo kama hilo. Alilia mpaka Mwenge, mzee. Kijana mkubwa hivi."

Mzee akainamisha kichwa.

Mama akamgeukia mwanawe. Hakuzunguka wala hakutafuta maneno. Akamshika uso kwa mikono miwili, palepale mlangoni, jirani akiwa anapita na ndoo ya maji.

"Nisamehe, baba yangu. Nilikupiga bure."

"Yameisha, mama," Apolinari akasema.

Na hicho ndicho kilichomuumiza Mzee Benedikto kuliko yote. Mwanamke huyu hakuwa na kosa ila kumwamini yeye, na neno la radhi lilimtoka papo hapo, mbele ya mwenyeji wake na mpita njia. Yeye alikuwa na wiki nzima, na simu mfukoni, na mtoto amempigia magoti sakafuni, na bado alikuwa hajalitamka. Akateremka kizingiti akasimama mbele ya kijana, na magoti yake ya uzee akayakunja.

"Mzee, usifanye hivyo!" Apolinari akamdaka viwiko. "Simama, tafadhali. Mie ni mtoto."

"Nisamehe, Apolinari. Muongo nilikuwa mimi. Nampigia Augustine sasa hivi, nawapigia kamati, Jumapili nasimama katikati ya uwanja na kuwaambia watu wote. Nitasema kila kitu, wasikie. Hata kazi ya uamuzi naacha."

Alikuwa ameshatoa simu. Kijana alimwangalia akihangaika na namba, akamwachia viwiko taratibu alipoona amesimama vizuri.

"Sawa, mzee. Nimekusamehe," akasema, kwa heshima ile ile aliyoingia nayo. "Lakini wenzetu wanacheza Dodoma leo. Na mie mwakani umri unanitoa."

Simu ilikuwa inaita. Augustine akapokea, akasema haloo, akasema tena haloo, na mzee akawa bado anamtazama yule kijana.